Sura ya Saba: Wagomvi Warudi Jukwaani

Kamera inapoinuka kuelekea dari la Royal Albert Hall jijini London, unaziona sahani kubwa za faiba zikining'inia hewani juu ya vichwa vya watazamaji. Wenyeji wa ukumbi ule wanaziita uyoga. Zilitundikwa mwaka 1969, 135 kwa jumla, ili kuua mwangwi uliousumbua ukumbi huo tangu ulipofunguliwa mwaka 1871. Waingereza walikuwa wakitania kwamba mtunzi wa muziki akipeleka kazi yake pale ana hakika ya kuisikia mara mbili.

Uyoga huo hautajwi popote kwenye filamu ninayoizungumzia hapa, lakini unaeleza mengi. Bendi ya Cream ilipiga onyesho lake la kuaga katika ukumbi huo tarehe 26 Novemba 1968, mwangwi ukiwa bado unatawala. Walirudi kwenye jukwaa lilelile Mei 2005, wakapiga usiku mara nne, na mwishoni mwa mwaka huo DVD ikawa madukani. Jina la DVD hiyo ni ratiba tupu: Royal Albert Hall London May 2-3-5-6 2005. Angalia tarehe nne ilivyorukwa. Siku hiyo wazee walipumzika.

Na wazee kweli walikuwa. Ginger Baker, mpiga dramu, alikuwa na miaka 65, mgongo na viungo vikimuuma kwa baridi yabisi. Jack Bruce, mpiga besi na mwimbaji mkuu, alikuwa amebakiza siku chache atimize miaka 62, na hakuna aliyetarajia angefika hapo. Mwaka 2003 alikutwa na saratani ya ini, akapandikizwa ini jipya, mwili ukalikataa, nusura afe. Eric Clapton, mpiga solo, ndiye kijana wao: miaka 60. Katika bendi hiyo yeye peke yake hakuhitaji fedha wala jina, na bila ridhaa yake onyesho lisingekuwepo.

Tatizo la Cream halikuwa kusahauliwa. Lilikuwa watu wawili kati ya watatu kushindwa kukaa chumba kimoja.

Baker na Bruce walichukiana kabla hata Cream haijazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipiga pamoja katika bendi ya Graham Bond, wakagombana jukwaani mbele ya watu. Baker akamfukuza mwenzake kazi. Bruce akawa anaendelea kuja kupiga kana kwamba hajasikia, mpaka Baker akamtishia kisu. Mwaka 1966 Baker alimfuata Clapton na wazo la kuunda bendi mpya. Clapton alikubali kwa sharti moja, kwamba mpiga besi awe Jack Bruce. Walikuwa ndani ya gari la Baker wakati huo, na inasimuliwa kwamba Baker alipolisikia jina hilo nusura waingie mtaroni. Clapton hakuwa na habari kwamba anawafunga fahali wawili zizi moja.

Bendi iliishi miaka miwili na ushee tu, Julai 1966 hadi Novemba 1968. Katika muda huo mfupi waliunganisha bluzi ya Wamarekani weusi na uhuru wa jazi, na wakaifanya iwe na sauti kubwa kuliko ilivyowahi kusikika. Hiyo sauti kubwa ndiyo iliyowaua. Ilikuwa enzi ya spika za Marshall, zilizopangwa moja juu ya nyingine hadi zikampita mtu kimo. Bruce akiongeza sauti, Clapton naye anaongeza, na Baker, ambaye ngoma zake hazina kitufe cha kuongeza, anapiga mpaka vidole vinachubuka. Baker alilalamika hadi uzeeni kwamba kelele zile zilimharibu masikio. Clapton aliwahi kusimulia kwamba usiku mmoja aliacha kupiga katikati ya wimbo, na wenzake hawakugundua. Kila mtu alikuwa anapiga peke yake.

Tunayo filamu ya mwisho wa enzi hiyo. Tony Palmer aliirekodi kwa ajili ya BBC usiku ule wa kuaga, ikarushwa Januari 1969. Ni kumbukumbu muhimu, na ni filamu mbovu. Kamera inavuta mbele na kurudi nyuma bila sababu, picha zinachezacheza kwa mtindo wa wakati ule, na mara kadhaa vidole unavyoviona kwenye gitaa havilingani na noti unazozisikia. Msimulizi naye anakata nyimbo kutueleza tunachopaswa kuhisi. Kilichookoka ni vipande vya mahojiano: Clapton akionyesha jinsi anavyopata sauti yake nene ya gitaa, Baker akieleza ngoma zake moja baada ya nyingine, kwa umakini wa mwalimu.

Baker anahitaji aya zake mwenyewe, hasa kwa msomaji wa Afrika. Hakujiona mpiga roki. Alisema siku zote kwamba yeye ni mtu wa jazi, na kwamba aliyemfungua masikio ni mpiga dramu wa London, Phil Seamen, aliyemsikilizisha santuri za ngoma za Kiafrika. (Seamen huyohuyo ndiye aliyemfikisha kwenye heroini, hisani na balaa vilitoka mkono mmoja.) Wengine waliosikia santuri za aina hiyo waliishia kuzisikiliza. Baker alifunga safari. Mwaka 1971 alivuka Sahara kwa gari la Range Rover hadi Nigeria, Tony Palmer yuleyule akiwa naye na kamera, na filamu ikapatikana: Ginger Baker in Africa. Alipiga na Fela Kuti, na upo mpaka leo mkanda wao wa mwaka 1971, Fela na Africa '70 wakiwa na Baker kama mgeni. Alikuwa rafiki wa Tony Allen, mpiga dramu aliyeijenga afrobeat. Akafungua studio Lagos mapema miaka ya 1970, na Paul McCartney alipokwenda huko mwaka 1973 kurekodi Band on the Run, alipiga wimbo mmoja katika studio ya Baker.

Mambo ya Lagos yaliharibika, kama mambo mengi ya Baker yalivyoharibika. Alipenda farasi na mchezo wa polo, mchezo unaomaliza mali ya tajiri, na yeye hakuwa tajiri. Uchungu wake mkubwa ulikuwa mirabaha. Nyimbo maarufu za Cream zimesajiliwa zaidi kwa majina ya Bruce na mshairi Pete Brown, na nyingine kwa jina la Clapton. Baker aliamini kwamba mapigo yake ndiyo yaliyoufanya wimbo kama "Sunshine of Your Love" uwe ulivyo, lakini sheria ya hakimiliki inamtambua aliyetunga maneno na mahadhi, si aliyetafuta mdundo. Wapiga ngoma wa bendi zetu za dansi wanaujua vizuri uchungu huu. Kwa upande mwingine, Cream waliporekodi "I'm So Glad" ya Skip James, mzee wa bluzi kutoka Mississippi aliyekuwa mgonjwa na fukara, jina lake liliandikwa kama mtunzi na mirabaha ikamfikia kabla hajafa mwaka 1969. Hilo lilikuwa jambo nadra katika biashara ile, na ni wimbo huohuo unaofungua DVD ya 2005.

Kabla sijaingia ndani ya filamu, niseme neno kuhusu biashara ya maonyesho ya kuungana tena, kwa sababu Cream hawakuivumbua. Bendi ya Eagles, iliyovunjika mwaka 1980, ilirekodi onyesho la kurudi mwaka 1994 katika studio huko Burbank, California, mbele ya watu wachache walioalikwa. Waliliita Hell Freezes Over, maana mmoja wao alikuwa amesema hawatarudiana mpaka jehanamu igande. Mkanda ule uliuzika mno, na DVD yake ikawa mali ya wauza redio: mteja akitaka kusikia spika mpya, muuzaji anaweka "Hotel California" ya pale, ile inayoanza kwa magitaa makavu na ngoma nzito za mkono, na mteja anatoa pochi. Ni kazi safi. Lakini ukiitazama sana unaona watu waliokuja kutimiza mkataba. Hakuna anayemtazama mwenzake zaidi ya inavyohitajika.

Led Zeppelin walipata somo kali zaidi. Mpiga dramu wao John Bonham alifariki mwaka 1980. Waliobaki wakapanda jukwaa la tamasha la Live Aid mwaka 1985 huko Philadelphia, na mazoezi yao yalikuwa ya kuokoteza, wapiga dramu wawili wa kuazima nyuma yao. Yalikuwa maafa: gitaa halikukaa sawa, sauti ya Robert Plant ilikuwa imekauka. DVD ya Live Aid ilipotengenezwa mwaka 2004, walikataa kipande chao kisiwekwe. Nawaheshimu kwa hilo. Walipokutana tena tarehe 10 Desemba 2007 katika ukumbi wa O2, London, walikuwa na mtoto wa marehemu, Jason Bonham, kwenye dramu, na safari hii walifanya mazoezi hasa. Filamu ya usiku huo, Celebration Day, haikutolewa mpaka 2012. Miaka mitano walikaa nayo! Ni nzuri, na ni nzuri kwa sababu bendi ilikuwa imerekebisha kilichoharibika.

Hicho ndicho kipimo changu cha filamu za aina hii. Siulizi kama wazee wanapiga kama walivyopiga ujanani. Hawapigi, na hawatapiga. Nauliza: lile lililowatenganisha wamelifanyaje?

Cream walipunguza sauti. Nyuma ya Clapton huoni tena ule ukuta wa Marshall wa 1968. Ameshika Fender Stratocaster badala ya Gibson, na sauti yake ni nyembamba na safi zaidi. Mashabiki wengi walilalamika, wakisema sauti ile nene iliyowapa wazimu ujanani imekwenda wapi. Malalamiko yao nayaelewa, ila naona hawakulisikiliza lililokuja badala yake. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Cream, kila mmoja anamsikia mwenzake. Bruce anaanza sentensi kwenye besi, Clapton anaimalizia kwenye solo. Matoazi ya Baker yanasikika hadi yanapofifia. Uyoga wa darini unafanya kazi yake, lakini kazi kubwa imefanywa na mikono mitatu iliyokubali kupunguza sauti.

Tazama "We're Going Wrong". Ni wimbo wa polepole wa Bruce, ameuimba kwa sauti ya juu inayotetemeka kidogo. Baker ameweka vijiti vya kawaida pembeni, ameshika vile vyenye vichwa laini vya kitambaa, na anazizungukia ngoma za katikati bila kugusa toazi kwa muda mrefu, mkono wa kulia na wa kushoto ikipokezana mdundo wa sita kwa namna ambayo hujui umeanzia wapi. Wimbo unapanda taratibu dakika baada ya dakika. Sauti kwa jumla haiongezeki sana. Unachokisikia kikiongezeka ni msongamano wa mapigo. Uso wa Baker hauonyeshi lolote. Mtu aliyekulia kwenye msondo au sindimba atausikia ukoo. Kwa maoni yangu hizi ndizo dakika bora kabisa Cream waliwahi kurekodiwa wakipiga, nikijumlisha za ujanani.

Mhariri wa filamu anastahili sifa pia. Alikuwa na maonyesho manne ya kuchagua, na wimbo mmoja ukiharibika Jumatatu, upo wa Alhamisi. Huu ni ulaghai mdogo ambao kila DVD ya onyesho inaufanya: inakuonyesha jioni moja ambayo haikuwahi kutokea. Hapa hawakuficha sana. Nyimbo tatu, "We're Going Wrong" ikiwemo, zimewekwa mara mbili kutoka usiku tofauti, na anayependa muziki anaweza kulinganisha. Ukizisikiliza pamoja utatambua kwamba hawakuwa wakirudia walichokariri. Kamera nayo imetulia. Solo ikianza, inakwenda kwenye vidole na kubaki hapo. Baada ya vituko vya 1968, unashukuru.

Zipo nyimbo ambazo Cream hawakuwahi kuzipiga jukwaani mpaka usiku ule. "Badge", ambayo Clapton aliitunga na George Harrison wa Beatles, ilitoka katika albamu ya kuaga mwaka 1969 wakati bendi imekwisha kufa, hivyo hadhira iliisubiri miaka 36. Nyingine ni "Pressed Rat and Warthog", kichekesho cha Baker, ambacho hakukiimba. Alikikariri kwa sauti yake ya mikwaruzo, hadithi ya wenye duka wawili waliofunga biashara. Watu walimcheka kwa mapenzi, na yeye kwa mbali alitabasamu. Katika "Rollin' and Tumblin'" Bruce anaweka besi chini kabisa, anashika harmonika, na bendi inabaki gitaa, ngoma na pumzi. Hiyo ndiyo bluzi ya zamani, kabla ya mitambo.

Udhaifu upo. "Toad", solo ndefu ya dramu ya Baker, inachukua takriban dakika kumi, na ingawa kwa mtu wa miaka 65 mwenye baridi yabisi ni muujiza, kwa mtazamaji aliyekaa kwenye kochi dakika kumi ni nyingi. "White Room" imekosa ukali. Na Bruce, baada ya yote yaliyompata, mara moja moja anaikimbiza noti ya juu na haifikii. Sikuona aibu yoyote kwa niaba yake. Hakujificha nyuma ya waitikiaji wa kukodi, kama wafanyavyo wengi wa rika lake; walikuwa watatu tu jukwaani, kama mwanzo.

Wimbo wa mwisho ni "Sunshine of Your Love", watu wote wamesimama. Wengi ni wanaume wenye mvi na vipara, na kamera inapowapitia unaona baadhi wanalia. Wengine walikuwa ukumbini humohumo mwaka 1968.

Laiti wangeishia hapo. Oktoba mwaka huohuo walikubali maonyesho matatu katika Madison Square Garden, New York. Fedha zilikuwa nono, tiketi zilikuwa ghali, na mazoezi yalikuwa pungufu ya yale ya London. Kwa maelezo ya Baker, Bruce aliongeza sauti ya besi, yeye akalalamika, wakafokeana jukwaani, na ikawa 1968 upya. Baker alisema hataki tena. Hawakupiga pamoja tena kama Cream.

Mwaka 2012 ilitoka filamu nyingine, Beware of Mr. Baker, ya Jay Bulger, aliyekwenda kuishi na Baker shambani kwake Afrika Kusini. Mapema kabisa katika filamu hiyo mzee anampiga mtengenezaji kwa fimbo puani, damu inatoka, kamera haizimwi. Alikuwa amekasirika kusikia kwamba Bulger anataka kwenda kuwahoji watu wa zamani wa maisha yake. Bruce na Clapton wote wanazungumza humo, na utakachokisikia ni watu wanaompenda mtu asiyependeka.

Jack Bruce alifariki Oktoba 2014, kwa ugonjwa wa ini. Ginger Baker alimfuata Oktoba 2019, akiwa na miaka 80. Amebaki Clapton.

Ukiipata DVD ya Albert Hall, usianze na nyimbo unazozijua. Tafuta kwanza filamu ya Palmer ya 1968, uvumilie nusu saa ya kamera iliyolewa, kisha weka "We're Going Wrong" ya 2005, zote mbili, ile ya diski kuu na ile ya nyongeza. Tumia spika nzuri kama unazo, au visikizio, na usiongeze sauti sana, wenyewe hawakuongeza.